Bawa halisahau maji ya kwao: maswali mnayotuuliza kuhusu safari za wadudu

Kila mwaka mvua zikianza Lubumbashi, kereng'ende wa rangi ya manjano hujaa juu ya viwanja vya mpira vya Katuba na Ruashi, na usiku taa za vituo vya mafuta hugeuka uwanja wa nondo. Nafundisha kemia. Wanafunzi waliponiuliza wadudu hawa wanatoka wapi, nikawajibu kwamba wenyewe wanajua, na wameandika. Tangu siku hiyo tunaokota waliokufa chini ya taa, tunawahifadhi, na wazazi, majirani na hata madereva wa malori wanatuuliza maswali. Haya ndiyo yanayorudi kila mara.

Mdudu hana kitambulisho. Utajuaje alikozaliwa?

Kwa kile alichokula akiwa mdogo. Kiwavi hula jani, na jani limekunywa mvua iliyonyesha hapo na limevuta madini ya udongo wa hapo. Akiingia katika pupa, hapati chakula kingine. Mwili mpya, pamoja na mabawa, anaujenga kwa akiba aliyojiwekea akiwa kiwavi. Anapotoka, mabawa hunyooka na kukauka, na ule utando wake hauongezeki wala haujengwi upya. Ukucha wako unakua kila wiki na ukiukata unatupa habari za miezi michache iliyopita. Bawa la kipepeo lilifungwa siku moja tu, kama barua.

Sehemu nyingine za mwili haziko hivyo. Mafuta ya tumboni na misuli hubadilika kadiri mdudu anavyokunywa nekta njiani. Ndiyo maana tunadai mabawa. Mwaka wetu wa kwanza tuliweka sanduku la sampuli kwenye rafu, na asubuhi tukakuta sisimizi wamekula miili yote na kuacha mabawa yametapakaa kama karatasi. Watoto walikaribia kulia. Mimi nilicheka: walikuwa wametufanyia kazi.

Hicho kinachosomwa ndani ya bawa ni kitu gani hasa?

Kinachosomwa zaidi ni hidrojeni. Hidrojeni ina aina mbili tunazozihitaji hapa: ya kawaida, na nyingine nzito karibu mara mbili iitwayo deuteri, iliyogunduliwa na Harold Urey mwaka 1931. Katika maji ya bahari, atomi moja kati ya takriban 6,400 za hidrojeni ndiyo deuteri. Ni chache, lakini zinahesabika.

Sasa tazama mvua. Mvuke unapotoka baharini na kusafiri ndani ya bara, wingu hunyesha njiani, na maji yenye deuteri, kwa kuwa ni mazito, hutangulia kudondoka. Kadiri wingu linavyoingia bara, linavyopanda milima na kukutana na baridi, ndivyo linavyobaki na deuteri kidogo. Willi Dansgaard wa Denmark alieleza kanuni hizi mwaka 1964. Kwa sababu hiyo mvua ya pwani na mvua ya nyanda za juu hazifanani, na jani la pwani halifanani na jani la nyanda za juu, wala kiwavi aliyelila.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki na Shirika la Hali ya Hewa Duniani hukusanya maji ya mvua kutoka vituo vingi duniani na kuyapima. Ndola, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia, ni kimojawapo, Entebbe pia. Kutokana na vipimo hivyo hutengenezwa ramani, na namba ya bawa, yaani kiasi cha deuteri kilichomo, hulinganishwa na ramani.

Neno "isotopu" linatutisha. Si mambo ya Shinkolobwe hayo?

Nalielewa hofu hii. Mtu aliyekulia upande wa Likasi, kwenye machimbo ya Shinkolobwe, ambako urani iliyotumika kutengeneza bomu la 1945 ilichimbwa, akisikia isotopu anarudi nyuma hatua mbili. Lakini isotopu maana yake ni ndugu wa elementi moja wanaotofautiana uzito, basi. Wengine, kama wale wa urani, hawatulii na hutoa mionzi. Deuteri na kaboni-13, ndugu mzito wa kaboni, wametulia tangu dunia iwe dunia. Deuteri imo katika maji uliyokunywa leo asubuhi.

Tuko Katanga. Kwa nini msipime mukuba tu?

Hili ndilo swali la jiji hili, na nalijibu kwa urefu kwa sababu kila mtu hapa anaamini jibu analijua. Udongo wetu umejaa shaba, yaani mukuba, na kobalti. Kuna hata mmea wenye maua, *Haumaniastrum katangense*, unaopenda udongo wenye mukuba kiasi kwamba wanaakiolojia wameutumia kutafuta mahali ambapo wazee waliyeyushia shaba zamani. Kwa hiyo mtu anasema: pima mukuba katika bawa, ukiwa mwingi, mdudu ni wa kwetu, ukiwa mdogo, ni mgeni.

Ingekuwa raha. Lakini mukuba ni shahidi mwenye kelele, na kelele si ushahidi.

Kwanza, mdudu anauhitaji. Kimeng'enya kinachogandisha ngozi yake ya nje na kuipa rangi nyeusi kina shaba ndani yake. Kitu ambacho mwili unakihitaji, mwili hukilinda: kikipungua hukishika, kikizidi hukitoa. Zinki hali kadhalika. Wadudu wengi wanaotafuna huwa nayo kwenye meno ya taya ili yawe magumu. Kwa hiyo kiasi utakachokipima kinaonyesha mahitaji ya mdudu pamoja na udongo, na huwezi kuvitenganisha.

Pili, vumbi. Chukua mfano huu. Chini ya taa za kituo kimoja barabara ya kwenda Kasumbalesa niliokota kereng'ende mzima, mabawa yanang'aa, safi kwa macho. Nilipangusa bawa moja kwa pamba iliyoloweshwa, mara moja tu, kuanzia shina hadi ncha. Pamba ikabaki na mstari wa rangi ya matofali. Barabara hiyo hupitisha malori ya madini usiku na mchana. Mdudu yule angeweza kuzaliwa kilomita 1,000 kutoka hapa, akatua usiku mmoja tu, na mashine ingemtangaza kuwa raia wa Haut-Katanga.

Tatu, metali kadhaa huendelea kuingia katika bawa baada ya mdudu kukomaa, kupitia anachokunywa. Watafiti waliowalisha vipepeo kwa majaribio wameliona hilo. Metali hizo zina faida ukitaka kujua mdudu amepita kwenye uchafuzi gani. Kwa swali la mahali alipozaliwa, siziamini.

Basi udongo haufai kabisa?

Unafaa, lakini shahidi wake ni mpole: metali iitwayo strontiamu. Mimea huivuta pamoja na kalsiamu bila kuichagua. Tunachopima si wingi wake. Tunapima uwiano wa isotopu mbili, strontiamu-87 na strontiamu-86. Ile ya 87 huongezeka polepole katika miamba kwa sababu rubidi-87, isotopu ya metali nyingine, hugeuka kuwa strontiamu, na nusu ya rubidi hiyo huchukua takriban miaka bilioni 49 kugeuka. Mwamba mkongwe wenye rubidi nyingi, kama graniti, una uwiano mkubwa. Lava changa ina uwiano mdogo, karibu 0.704 au 0.705. Maji ya bahari yana 0.709.

Kwa nchi yetu hii ni neema. Mdudu aliyelelewa juu ya lava ya Nyiragongo, karibu na Goma, na mwingine aliyelelewa juu ya graniti ya kale hawawezi kuchanganywa, hata kama mvua zao zinafanana. Mwishoni mwa 2024 kundi la watafiti, wakiwemo Xueye Wang na Vicky Oelze, lilichapisha ramani ya strontiamu ya Afrika kusini mwa Sahara. Waliitengeneza ili kufuatilia asili ya watu waliouzwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki, kwa kupima mabaki yao. Meno ya mtu na bawa la nondo vinasomwa kwa ramani ileile. Sentensi hiyo huwa naiandika ubaoni na kukaa kimya kidogo.

Strontiamu nayo huweza kuharibiwa na vumbi, kwa hiyo bawa lazima lisafishwe kwa uangalifu.

Na kaboni?

Kaboni inaeleza mlo zaidi kuliko mahali. Mahindi, mtama, miwa na nyasi nyingi za savana hushika kaboni kwa njia moja. Miti ya miombo, maharage na mihogo kwa njia nyingine. Kwa kipimo cha kaboni-13, kinacholinganishwa na sampuli moja ya kimataifa, mahindi huwa karibu na hasi 12 kwa elfu, miti karibu na hasi 27. Pengo ni kubwa, huwezi kukosea. Nondo mwenye namba ya miti hakukulia katika shamba la mahindi, hata ukimkuta juu ya hindi.

Viwavijeshi wanaokula mahindi yetu: mnaweza kutuambia wanatoka upande gani?

Mkulima aliyeniuliza hili alikuwa amepoteza nusu ya bukari, yaani ugali, ya mwaka wake, kwa hiyo sikumpa hotuba. Kiwavijeshi vamizi alitoka Amerika na akaripotiwa Afrika mwaka 2016. Nondo wake anaweza kuruka hata kilomita 100 kwa usiku mmoja. Kaboni haitasaidia kutenganisha mahindi ya Kipushi na mahindi ya Zambia, maana mahindi ni mahindi. Hidrojeni pekee nayo itachanganya sehemu zilizo jirani. Ukiongeza strontiamu unaanza kupata jibu, lakini bei inapanda. Kwa shamba lako wiki hii, kagua majani asubuhi. Mashine haitakuokolea hindi hata moja.

Kuna mahali njia hii imewahi kuthibitisha jambo kubwa, au ni nadharia tu?

Kuna habari tatu ninazozipenda.

Ya kwanza ni ya vipepeo wa monaki wa Amerika Kaskazini. Fred na Norah Urquhart wa Kanada waliongoza kazi ya kubandika vibandiko vidogo kwenye mabawa kwa miongo kadhaa, na mwaka 1975 ndipo mahali wanapopitishia baridi, katika milima ya Meksiko, pakafahamika kwao. Kibandiko kina shida moja: lazima umkamate mdudu yuleyule mara ya pili. Mwaka 1998 Leonard Wassenaar na Keith Hobson walitumia hidrojeni na kaboni. Watu wa kujitolea waliwalea vipepeo sehemu mbalimbali ili ipatikane ramani, kisha vipepeo wa Meksiko wakalinganishwa nayo. Ikaonekana kwamba karibu nusu walizaliwa katika eneo la mashamba la katikati ya Marekani, na kwamba makundi yote ya Meksiko yalikuwa mchanganyiko. Hakuna aliyehitaji kumkamata kipepeo mara mbili, kwa sababu kila mmoja tayari ana kibandiko chake ndani.

Ya pili inatuhusu zaidi: kereng'ende *Pantala flavescens*, ndiye yule yule wa viwanja vyetu. Charles Anderson, mwanabiolojia aliyeishi Maldivi, aliona kwamba kila Oktoba kereng'ende hujaa visiwani humo, mahali ambapo maji matamu ya juu ya ardhi ni haba mno. Mwaka 2009 akapendekeza kwamba wanavuka Bahari ya Hindi kutoka India hadi Afrika Mashariki, wakifuata mvua. Wengi walitikisa kichwa, mdudu wa sentimita tano hivi! Mwaka 2012 Hobson, Anderson na wenzao wakapima hidrojeni katika mabawa ya waliokamatwa Maldivi, na namba zikaelekeza kaskazini mwa India na kuendelea huko.

Ya tatu ni ya *Vanessa cardui*, kipepeo wa rangi ya chungwa na madoa meusi ambaye hata bustani za Lubumbashi zinamfahamu. Oktoba 2013 Gerard Talavera aliwakuta ufukweni Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini, mabawa yamechakaa na kutoboka. Spishi hiyo haiishi huko. Waliunganisha ushahidi wa upepo, wa jeni, wa chavua iliyoganda miilini, iliyokuwa ya mimea ya Afrika, pamoja na hidrojeni na strontiamu za mabawa. Matokeo yalitoka mwaka 2024: walikuwa wamevuka Atlantiki kutoka Afrika Magharibi, zaidi ya kilomita 4,200, kwa siku tano hadi nane. Angalia kwamba hapo isotopu hazikusimama peke yake mahakamani. Zililetwa pamoja na mashahidi wengine, na hivyo ndivyo inavyopaswa.

Kereng'ende wa Novemba hapa kwetu ni wageni au wenyeji?

Swali hili halihitaji mashine ili kuanza kulijibu. Buu wa *Pantala* huishi majini, hasa katika madimbwi ya mvua, na hata akikua haraka huchukua wiki tano au sita. Sasa, mvua ya kwanza imenyesha Jumanne, na Jumamosi uwanja umejaa kereng'ende wakubwa. Dimbwi lina siku nne. Hao hawakutoka humo. Labda wachache walilelewa katika bwawa lisilokauka, lakini lile wingu zima limekuja na upepo wa mvua. Watoto wao ndio watakaoruka mwishoni mwa Desemba.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, okota makundi mawili: wa wiki ya kwanza ya mvua na wa Januari. Hao wa Januari ndio kipimo chako cha "hapa". Ila dimbwi lina hila: likipigwa na jua, maji mepesi hupaa kwanza na deuteri huongezeka katika yaliyobaki. Usipolijua hilo, utamfanya mwenyeji aonekane ametoka pwani.

Namba inaweza kunitajia kijiji?

Hapana. Hidrojeni hutoa ukanda, mara nyingi wenye upana wa mamia ya kilomita, na katika tropiki ukanda huwa mpana zaidi kwa kuwa mvua kubwa ya ghafla hubadilisha namba hata pale pale palipo. Anayekutajia kijiji anakuuzia kitu.

Na nzige?

Huku kusini hofu ya wazee ni nzige wekundu, waliotesa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta kuanzia 1930 hadi 1944. Mazalia yao yanajulikana: mabonde kama Rukwa nchini Tanzania, na Mweru Wantipa nchini Zambia, si mbali na sisi. Shirika la kikanda la kuwadhibiti liko Ndola. Nzige wa jangwani ni wengine. Februari 2020 kikundi kidogo kilifika Ituri, karibu na Ziwa Albert, mara ya kwanza nchini tangu 1944. Kwa nzige, jicho la mtu bondeni bado linawahi kuliko maabara.

Viwavi wa kula wa sokoni: mnaweza kujua kama wametoka karibu na machimbo?

Hapa, ajabu, mukuba anarudi na ni shahidi mzuri. Mama aliyeuliza hakutaka kujua historia ya kiwavi, alitaka kujua atakachompa mtoto. Hapo unapima wingi wa shaba, kobalti, risasi na kadmi mwilini mwote, na vumbi la juu nalo linahesabika maana vyote vinaingia sufuriani. Kukamua tumbo la kiwavi na kumwosha vizuri kabla ya kumchemsha kunaondoa majani na vumbi, ila hakuondoi metali iliyokwisha kuingia mwilini.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Bawa huoshwa kwa mchanganyiko wa klorofomu na methanoli kuondoa mafuta na uchafu, likakauka. Hukatwa kipande cha takriban miligramu 0.35, punje ya mchele ni kama miligramu 20, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kipande hufungwa katika kikombe kidogo cha fedha, huangushwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,300, hidrojeni hutoka kama gesi, na mashine huzitenganisha atomi nzito na nyepesi. Sehemu ya hidrojeni ya bawa hubadilishana na unyevu wa hewa, ndiyo maana vipande vya bawa hukaa kwanza maabarani pamoja na vipande vya namba inayojulikana, wote wakivuta hewa moja.

Nimeokota kipepeo mfu. Nifanye nini?

Usimpulizie dawa ya wadudu wala usimbandike kwa selotepu. Gundi ina hidrojeni yake. Mtie katika bahasha ya karatasi, mabawa yamekunjwa, na umkaushe kivulini. Mfuko wa plastiki hutoa jasho na kuvu hufuata. Juu ya bahasha andika tarehe, mtaa, na chini ya taa gani au ua gani. Andika kwa penseli. Sisi tuliandika kwa bik, kalamu ya wino, bati likavuja usiku mmoja wa Machi, na tukabaki na bahasha 40 zenye doa la buluu na vipepeo wasio na anwani.